Mtakatifu Teresa wa Avila: Kitabu Kipi Nisome, Kipi Niache?



Vijana wapendwa, kila siku tunasoma vitu vingi kuliko tunavyodhani. Asubuhi kabla hata ya ishara ya msalaba mkono umeshafika kwenye simu. Tunasoma habari, hadithi za mapenzi zinazokatwa katikati ili kesho turudi, mafundisho ya huyu na yule, unabii wa kutisha uliosambazwa na mtu asiyejulikana, na mambo ya watu ambayo hayatuhusu kabisa. Bando likiisha ndipo tunajiuliza: hivi nimepata nini?

Swali la kusoma nini na kuacha nini si geni. Mtakatifu mmoja mkubwa sana aliishi nalo tangu utotoni hadi uzeeni. Vitabu vilimpeleka mbali na Mungu, vitabu vikamrudisha, halafu siku moja vikachukuliwa mikononi mwake. Huyo ndiye Mtakatifu Teresa wa Yesu, tunayemwita Teresa wa Avila.

Nyumba yenye vitabu vya aina mbili

Teresa alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 huko Avila, Hispania, mji uliozungukwa na ukuta mkubwa wa mawe ambao mpaka leo umesimama. Baba yake aliitwa Alonso Sánchez de Cepeda na mama yake Beatriz de Ahumada. Nyumba ilikuwa na watoto 12 wa mama wawili, kwa maana Beatriz alikuwa mke wa pili baada ya yule wa kwanza kufariki.

Mzee Alonso alipenda vitabu. Alikuwa navyo vya Kihispania, vya dini na vya hekima, ili watoto wake nao wasome. Kumbuka, hiyo ni miaka ambayo vitabu vilivyochapwa bado vilikuwa kitu kipya duniani, na wasichana wengi hawakufundishwa kusoma. Teresa alibahatika.

Akiwa bado mdogo alikuwa akisoma maisha ya watakatifu pamoja na kaka yake Rodrigo. Wakasoma habari za wafiadini, wakaona kwamba wamenunua mbingu kwa bei rahisi mno, kwa sababu mateso ni ya muda mfupi na mbingu ni ya milele. Basi watoto hao wawili wakatoroka nyumbani, nia yao waende nchi ya Wamori wakakatwe vichwa kwa ajili ya Kristo! Hawakufika mbali. Mjomba mtu akawakuta nje ya mji akawarudisha kwa mama yao aliyekuwa ameshachanganyikiwa kwa hofu.

Tunacheka, lakini tuone jambo hapo. Mtoto huyu hakusoma ili kupitisha muda tu. Alichokisoma alitaka kukifanya. Kuna watu ambao kitabu kinawapita kama maji juu ya jani la mgomba, na kuna watu ambao kitabu kinaingia mpaka miguuni. Teresa alikuwa wa aina hii ya pili. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kuwa mwangalifu zaidi na anachosoma, kwa kuwa kitamfanya kitu.

Vitabu vya kusoma kwa kificho

Sasa, nyumbani humo mlikuwa na vitabu vya aina nyingine. Mama Beatriz alipenda riwaya za mashujaa wapanda farasi. Wakati huo Hispania nzima ilikuwa inazisoma. Ni hadithi ndefu za kijana hodari anayepigana na majitu na wachawi kwa ajili ya msichana mrembo, na kitabu kimoja kikiisha kinafuata kingine. Tungezilinganisha na tamthilia za leo, zenye msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hujui lini utalala.

Mzee Alonso hakuzipenda hata kidogo. Kwa hiyo mama na watoto walikuwa wakisoma kwa kujificha, baba asione.

Baadaye Teresa alipoandika maisha yake alisema jambo la haki juu ya mama yake. Beatriz alikuwa mgonjwa mara kwa mara, uzazi umemchosha, na riwaya hizo zilimpunguzia mawazo. Pia hazikumzuia kufanya kazi zake. Alisoma, akafunga kitabu, akaendelea na nyumba yake. Lakini binti yake hakuwa hivyo. Kitabu kile kile kilichomburudisha mama kilimteka mtoto. Teresa alisoma saa nyingi mchana na usiku, na akawa hawezi kutulia mpaka apate kitabu kipya.

Hapa pana somo ambalo mara nyingi tunaliruka. Tunapenda kuuliza: je, kitu hiki ni dhambi au si dhambi? Na mtu akijibu kwamba si dhambi, tunaona mjadala umekwisha. Teresa aliona mbali zaidi. Kitu kimoja kinaweza kuwa pumziko kwa mtu mmoja na mtego kwa mwingine. Rafiki yako anaweza kutazama sehemu moja ya tamthilia akazima na kwenda kulala. Wewe ukianza unajikuta saa tisa ya usiku. Basi usijipime kwa rafiki yako.

Dalili zilianza kuonekana. Teresa akaanza kujali mno mavazi, manukato, mikono na nywele zake. Akapenda kupendeza na kusifiwa kama wale wasichana wa kwenye riwaya. Inasemekana hata alianza kutunga riwaya yake mwenyewe pamoja na Rodrigo. Mwaka 1528 mama yake akafariki akiwa na umri wa miaka 33 tu. Binti akabaki na uchungu mkubwa, akaenda mbele ya sanamu ya Bikira Maria akamwomba kwa machozi awe mama yake. Moyo wa sala ulikuwepo. Lakini pia palikuwa na ndugu wa ukoo, binti mwenye mazungumzo mepesi, aliyekuwa akija nyumbani kupiga naye soga za mambo ya ovyo. Yale ya kwenye vitabu yakapata mtu wa kuyaongea.

Baba akaogopa. Mwaka 1531 akampeleka kwa masista Waaugustino wa Santa María de Gracia, palipokuwa panalelewa mabinti. Siku za mwanzo Teresa alichukia, baadaye akapazoea. Sista mmoja mwema aliyewalea alimvuta kwa maneno mazuri, na moyo wake ukaanza kurudia mambo ya utotoni.

Mjomba mwenye vitabu asivyovipenda

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, Teresa akaugua na kurudishwa nyumbani. Alipopata nafuu akapelekwa kwa dada yake kijijini, na njiani akakaa siku chache kwa Pedro de Cepeda, ndugu wa baba yake. Tumwite mjomba kama wengi wanavyosema, ingawa kwa mila zetu huyo ni baba mdogo.

Mzee huyu alikuwa mjane, mtu wa sala, na burudani yake ilikuwa vitabu vya kiroho. Akamwomba Teresa amsomee kwa sauti. Teresa hakuvipenda hata kidogo! Lakini kwa adabu akajifanya anafurahi, ili asimvunje moyo mzee. Siku zikawa chache tu, ila maneno yaliyopita mdomoni mwake yakaanza kushuka. Akakumbuka ule ukweli wa utotoni, kwamba dunia inapita.

Vijana, msidharau hili. Kuna kitabu ambacho ukikionja mara ya kwanza hakina ladha. Kinafanana na mlonge, hakuna anayeula kwa utamu. Kama tungesoma tu vile vinavyotuvuta wenyewe, tungebaki pale pale tulipo. Teresa alikutana na vitabu vilivyombadilisha kwa sababu mtu mzima aliyemheshimu alimwekea mkononi. Wewe una nani wa kukuwekea kitabu mkononi? Je, ni paroko, katekista, bibi yako, au mlezi wa vijana? Na akikuwekea, unafungua?

Baada ya hapo akasoma barua za Mtakatifu Yeronimo, na hizo zikampa ujasiri wa kumwambia baba yake kwamba anataka kuwa mtawa. Baba akakataa kata kata, akasema labda nikishakufa. Siku ya tarehe 2 Novemba, katika mwaka wake wa ishirini na moja, binti akatoka nyumbani alfajiri na kwenda kwenye monasteri ya Wakarmeli ya Umwilisho, nje ya ukuta wa Avila. Aliandika baadaye kwamba uchungu wa kuachana na baba ulikuwa kana kwamba kila mfupa wake unatengana na mwenzake.

Kitabu alichopewa wakati wa ugonjwa

Mara baada ya nadhiri, afya ikaharibika vibaya. Mwaka 1538 baba akaamua kumpeleka kijiji cha Becedas kwa mwanamke mmoja aliyesifika kwa kutibu. Njiani wakapita tena kwa mzee Pedro, naye akampa kitabu kingine cha kuondoka nacho. Kilikuwa kazi ya padre Mfransisko Francisco de Osuna, kilichochapwa mwaka 1527, kinachoitwa Alfabeti ya Tatu ya Kiroho. Kinafundisha jinsi ya kusali kwa utulivu wa ndani, kukusanya mawazo na kukaa na Mungu moyoni.

Hapa Teresa alifanya uamuzi mkubwa. Kabla ya hapo alisoma vingi kwa haraka. Kitabu hiki alikishika kuwa mwalimu. Hakuwa na padre wa kumwongoza katika sala ya namna hiyo, na anasema alimtafuta kwa miaka 20 bila kumpata. Basi akasoma kidogo, akafunga, akajaribu kuishi alichokisoma.

Matibabu ya Becedas karibu yamuue. Akarudishwa Avila akiwa mifupa mitupu. Katika sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni ya mwaka 1539 aliomba aungame, baba akadhani ni hofu ya kifo tu, akamkatalia. Usiku ule ule akazimia. Siku nne hakuwa na fahamu. Kule monasterini kaburi likachimbwa. Akapakwa nta ya mishumaa machoni kama maiti. Alipozinduka bado alikuwa na mabaki ya nta kwenye kope. Baba yake alilia kwa kutomruhusu kuungama, na kama angefariki sijui mzee yule angeishi vipi na jambo hilo.

Alibaki amepooza karibu miaka mitatu. Alipoanza kutambaa kwa mikono na magoti alimshukuru Mungu kwa furaha. Kilichompa uvumilivu kilikuwa pia kitabu, maelezo ya Mtakatifu Gregori Mkuu juu ya Ayubu, ambayo alikuwa ameyasoma kabla. Alisoma akiwa na nguvu kidogo, na kitabu kikamlisha wakati hana nguvu kabisa. Ndiyo kazi ya kusoma vema: ni kuweka akiba ghalani kabla ya kiangazi.

Miaka 18 na kitabu mkononi

Ungetegemea kwamba baada ya hapo akawa mtakatifu moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Alipopona alianza kutumia muda mwingi ukumbini kwa wageni. Teresa alikuwa mcheshi, watu walimpenda, na monasteri ile ilikuwa kubwa na yenye uhuru mwingi. Akaona aibu kukaa na Mungu katika sala huku moyo uko kwenye maongezi. Zaidi ya mwaka mmoja akaacha sala ya moyo, akijidanganya kwamba ni unyenyekevu. Baba yake alipofariki mwaka 1543, padre Mdominiko aliyekuwa akimsaidia mzee yule akamrudisha Teresa kwenye sala, na hakuiacha tena.

Lakini sala ilikuwa ngumu! Kuna nyakati alitamani saa iishe, akisikiliza kengele. Akili yake ilirukaruka kama farasi asiyefugwa. Alifanyaje? Kwa miaka 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu, isipokuwa baada ya kupokea Komunyo. Kitabu kilikuwa ngao yake. Mara nyingine kukifungua tu kulitosha mawazo kutulia. Siku nyingine alisoma kidogo, siku nyingine sana, kadiri Bwana alivyomjalia.

Zingatia hapo, maana ni kipimo kizuri. Kwa Teresa kitabu kizuri kilikuwa kile kinachomfikisha mahali pa kukifunga. Anasoma, moyo unawaka, anafunga, anaongea na Mungu. Leo tunaweza kusoma tafakari kumi za Injili kwa siku, tukatuma tano kwa marafiki, tukaandika amina chini ya kila moja, na tusisali hata dakika mbili. Hayo yote ni maandishi matakatifu, lakini tumeyageuza kuwa riwaya za mashujaa. Kumbe hata kitu kitakatifu kinaweza kusomwa kwa uroho.

Mwaka 1554, akiwa na umri wa miaka 39, mambo mawili yakamvunja. Kwanza aliona sanamu ya Kristo mwenye majeraha mengi, akaanguka mbele yake kwa machozi. Pili, alipewa Maungamo ya Mtakatifu Augustino, ambayo mwaka huo huo yalikuwa yamechapwa kwa Kihispania. Alipofika pale Augustino anaposikia sauti bustanini, alihisi kwamba Bwana anamwita yeye Teresa. Akalia muda mrefu. Miaka yote ile ya kusoma kwa ukavu ikachanua siku moja.

Vitabu vinachukuliwa

Baada ya hapo Mungu akaanza kumjalia neema za pekee katika sala, na hofu kubwa ikaingia. Je, ni Mungu au ni shetani? Hakujua aelezeje. Akatafuta kwenye vitabu, akapata kitabu cha Bernardino de Laredo kiitwacho Kupanda Mlima Sayuni. Akapiga mistari chini ya sehemu zilizofanana na hali yake, akampa mlei mmoja mcha Mungu, Francisco de Salcedo, na padre Gaspar Daza. Wakasoma, wakamjibu kwamba ni shetani. Fikiria uchungu wake! Ila hakuishia kwa washauri hao wawili. Akawaendea Wajesuiti, na baadaye akakutana na Mtakatifu Fransisko Borja na Mtakatifu Petro wa Alcántara, wakamthibitishia kwamba ni Mungu. Tangu hapo alisisitiza sana kwamba mtu wa sala atafute mshauri mwenye elimu, kwa sababu mwenye nusu ya elimu alimdhuru.

Kisha likaja pigo. Mwaka 1559 Fernando de Valdés, mkuu wa Inkwizisheni ya Hispania, yaani mahakama iliyochunguza mafundisho ya imani, alitoa orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Kulikuwa na hofu ya mafundisho potofu kusambaa, na wavu ukatupwa mpana mno. Vikakamatwa hata vitabu vya sala vya watu wema vilivyoandikwa kwa Kihispania. Kitabu cha Mtakatifu Yohane wa Avila kilikuwemo. Vya Luis de Granada vilikuwemo. Vile vya Kilatini viliweza kubaki, lakini Teresa hakujua Kilatini, na wanawake wengi hawakujua. Kwao mlango ulikuwa umefungwa.

Teresa alitii, ila aliumia sana. Baadhi ya vitabu hivyo vilikuwa chakula chake. Katika majonzi hayo Bwana alimfariji ndani ya moyo, akimwambia asihuzunike, kwani yeye mwenyewe atampa kitabu kilicho hai. Mara ya kwanza hakuelewa. Siku chache baadaye akaelewa: kitabu hicho kilikuwa Yesu mwenyewe. Baada ya hapo, anashuhudia, alihitaji vitabu kidogo sana.

Tusilielewe vibaya jambo hili. Teresa hakusema sasa vitabu havina maana. Mtu asiyesoma kitu akajitetea kwamba yeye ana Roho Mtakatifu tu, huyo hamfuati Teresa. Yeye alifika hapo baada ya miaka mingi ya kusoma kwa uaminifu, tena katika ukavu. Anayeweza kuishi siku ambayo vitabu vimechukuliwa ni yule aliyevila vikawa damu yake.

Rafu ya vitabu vichache

Tarehe 24 Agosti 1562 Teresa alianzisha monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu hapo Avila, mwanzo wa urekebisho wa Wakarmeli Peku. Hadi kifo chake monasteri za masista alizozianzisha yeye zilifika 17, akisafiri kwa mikokoteni kwenye jua na baridi.

Katika katiba aliyowaandikia masista wake aliweka saa ya kusoma kila siku. Akamwagiza priora ahakikishe kuna vitabu vizuri, akavitaja. Orodha ni fupi sana! Kuna maisha ya Kristo ya yule Mkartusi, maisha ya watakatifu, Kumfuasa Kristo, vitabu vya Luis de Granada, vya Petro wa Alcántara na vingine vichache. Alisema vitabu hivyo ni lazima kwa roho kama chakula kilivyo lazima kwa mwili. Tena ona, Luis de Granada yumo. Mwandishi aliyekuwa kwenye orodha ya kukatazwa yupo kwenye rafu ya Teresa, maana kazi zake zilikuwa zimesahihishwa na kuruhusiwa tena. Teresa alitii Kanisa bila kuacha kufikiri.

Huyu ni mwanamke ambaye utotoni hakuweza kutulia bila kitabu kipya. Sasa anawapa binti zake rafu ndogo, na anatarajia kwamba watarudia vile vile mwaka hadi mwaka. Msichana aliyetaka kipya kila siku amejifunza kukaa na kilekile.

Mwenyewe akaamriwa na waungamishi wake kuandika. Akaandika Maisha yake, Njia ya Ukamilifu, na mwaka 1577 Jumba la Ndani, huku akijiona hafai na akilalamika kwamba kazi ya kusokota uzi ingemfaa zaidi. Kitabu chake cha Maisha nacho kilishtakiwa. Bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Princess wa Eboli, aliyekuwa amegombana naye, alikipeleka kwa Inkwizisheni. Mdominiko Domingo Báñez alikipima mwaka 1575 akatoa maoni mazuri, lakini maandishi yale yalibaki mikononi mwa mahakama hiyo. Teresa hakuwahi kukiona kimechapwa.

Alifariki huko Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Kesho yake ilikuwa tarehe 15, kwa sababu ndiyo siku ile kalenda ya Papa Gregori XIII ilipoanza na siku kumi zikarukwa. Ndiyo maana tunamwadhimisha tarehe 15 Oktoba. Vitabu vyake vikachapwa mwaka 1588 huko Salamanca. Mwaka 1622 alitangazwa mtakatifu siku moja na Ignasi wa Loyola, ambaye ujanani naye alikuwa msomaji wa riwaya zile zile za mashujaa, mpaka alipolazwa kwa jeraha la mguu, akakosa riwaya na kupewa maisha ya Kristo. Mwaka 1970 Papa Paulo VI akamtangaza Teresa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Na kitabu chake kilichofungiwa kiliendelea kufanya kazi. Mwaka 1921 mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani, Edith Stein, aliyekuwa mgeni nyumbani kwa marafiki, alikitoa kwenye rafu bila kupanga, akakisoma usiku kucha hadi mwisho. Tarehe 1 Januari 1922 akabatizwa. Baadaye akawa Mkarmeli, akauawa Auschwitz mwaka 1942, na leo tunamwita Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba.

Sisi je?

Kijana mwenzangu, Teresa hatuachii orodha ya vya kusoma na vya kuruka. Maisha yake yanatupa maswali ya kujiuliza kabla ya kufungua na baada ya kufunga.

Je, ninachosoma nakificha? Mtoto Teresa alificha riwaya kwa baba yake, na kificho kile kilikuwa dalili ya kwanza. Kama mama akiingia chumbani unageuza simu, jibu unalo.

Je, kinaniachia nini? Baada ya riwaya alitaka kusifiwa. Baada ya Augustino alitaka kutubu. Usiangalie utamu wakati wa kusoma, angalia kilichobaki moyoni saa moja baadaye.

Je, kazi yangu imebaki salama? Mama Beatriz alisoma na nyumba ikaenda. Kama masomo, usingizi na sala ya jioni vimeliwa, basi hata kama kitu chenyewe si kibaya, kwako kimezidi.

Je, nimemuuliza nani? Hasa yale mafundisho ya kutisha yanayosambazwa, na unabii usio na mwenyewe. Peleka kwa padre au mtu mwenye elimu ya imani kabla hujayatuma kwa wengine.

Na la mwisho, kinanifikisha mahali pa kukifunga na kusali? Wiki hii chagua kitabu kimoja tu, Injili moja ikiwezekana. Soma aya chache, weka simu mbali, kaa na Yesu dakika kumi. Siku ukiona ukavu usishangae. Teresa alikaa humo miaka 18, naye akafika.

Tusali: Ee Yesu, kitabu kilicho hai, utupe hamu ya kukusoma wewe kuliko vyote. Utupe nguvu ya kuacha kisichotufaa, na uvumilivu kwa kile chema tusichokipenda bado. Amina.

Mtakatifu Teresa wa Avila, utuombee.